Matumizi ya Flashi Zaidi ya Moja katika Kupiga Picha za Ndani ya Majengo ya Kihistoria

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jengo la Beit el-Ajaib lililopo Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka wakati kazi za ukarabati zikiendelea, na watu walipoteza maisha. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1883 katika utawala wa Sultan Barghash bin Said, likanusurika mizinga ya manowari za Uingereza mwaka 1896, na limo ndani ya eneo ambalo Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ukuta ukishaanguka hauwezi tena kupimwa wala kupigwa picha. Anayekusudia kuurejesha hutegemea michoro, vipimo na picha zilizokuwapo kabla.

Picha za nje ya majengo ya kihistoria ni nyingi, kwa kuwa kila mpita njia anaweza kuzipiga. Picha za ndani zenye ubora wa kutumika kama kumbukumbu ni ngumu zaidi kuzipata, na sababu kubwa ni mwanga. Makala haya yanaeleza namna flashi kadhaa zilizowekwa mbali na kamera zinavyotumika kupata picha ya ndani iliyo wazi na ya kweli. Maelezo haya yanawafaa maofisa habari, watumishi wa makumbusho, wanafunzi wa usanifu majengo, pamoja na wananchi wanaotaka kuhifadhi kumbukumbu za nyumba za familia zao.

Upungufu wa flashi iliyo juu ya kamera

Jicho la binadamu huweza kuona kwa pamoja kona yenye giza na dirisha lenye jua. Kamera haina uwezo mkubwa kiasi hicho. Ikirekebishwa ili chumba kionekane, dirisha huwa jeupe tupu. Ikirekebishwa ili mandhari ya dirishani yaonekane, chumba hugeuka kiza.

Wengi hujaribu kutatua tatizo hilo kwa kuwasha flashi iliyo juu ya kamera, lakini njia hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni umbali. Mwanga wa flashi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hubaki robo. Kiti kilicho mita 2 kutoka kwenye flashi hupata mwanga mara 16 zaidi ya ukuta ulio mita 8. Matokeo yake, kiti hung'aa kupita kiasi na ukuta hubaki gizani.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi kwa picha za kumbukumbu. Mwanga unaotoka upande uleule wa lenzi hauachi vivuli vinavyoonekana na kamera. Bila vivuli, ufa, plasta iliyovimba na nakshi iliyochongwa vyote huonekana kama ukuta laini. Picha huwa na mwanga wa kutosha, lakini huficha hali halisi ya jengo.

Flashi ilikotoka

Haja ya kuangaza vyumba kwa ajili ya picha ina historia ndefu. Katika miaka ya 1880, unga wa magnesiamu uliolipuliwa kwa moto uliwawezesha wapiga picha kufanya kazi mahali pasipo na jua. Mwandishi wa habari Jacob Riis aliutumia kupiga picha ndani ya makazi ya maskini jijini New York, nchini Marekani, na mwaka 1890 alichapisha kitabu *How the Other Half Lives* kilichochangia mageuzi ya makazi katika jiji hilo. Unga huo ulikuwa na moshi mwingi na hatari ya kuunguza nyumba. Katika miaka ya 1930, Harold Edgerton wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts aliendeleza flashi ya umeme, ambayo ndiyo msingi wa flashi za leo.

Vifaa vinavyohitajika

Kwa chumba cha kawaida, flashi tatu au nne ndogo zinatosha. Jambo la msingi ni kila flashi iweze kupangiwa nguvu kwa mkono, kuanzia nguvu kamili (1/1) kushuka hadi 1/2, 1/4, 1/8 na kuendelea. Mpangilio wa kamera kujichagulia nguvu ya flashi haushauriwi katika kazi hii, kwa sababu nguvu inaweza kubadilika kati ya picha moja na nyingine.

Pamoja na flashi hizo, huhitajika kifaa cha redio cha kuziwasha kwa pamoja, stendi za kuzishikilia, mwavuli mweupe mmoja au miwili ya kulainisha mwanga, stendi ya miguu mitatu ya kamera, na betri za akiba. Baadhi ya flashi huwashwa kwa kuona mwanga wa flashi nyingine. Njia hiyo hufanya kazi katika chumba kimoja, lakini flashi iliyofichwa nyuma ya ukuta haiwezi kuuona mwanga huo. Redio ndiyo njia ya uhakika zaidi, ingawa kuta nene za mawe zinaweza kupunguza nguvu ya mawimbi yake. Inashauriwa kila flashi ijaribiwe ikiwa mahali pake kabla ya kuanza kazi.

Mianga miwili inayorekebishwa tofauti

Picha ya ndani iliyopigwa kwa flashi ina mianga miwili: mwanga uliopo, yaani wa madirisha na taa, na mwanga wa flashi. Mafanikio ya kazi yote hutegemea kuelewa kuwa mianga hii hurekebishwa kwa njia tofauti.

Mwanga wa flashi hudumu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwa hiyo, muda wa shata kubaki wazi hauubadilishi. Hubadilishwa na nguvu ya flashi, umbali wake, ukubwa wa tundu la lenzi na kiwango cha ISO. Mwanga uliopo, kwa upande wake, huongezeka kadiri shata inavyobaki wazi kwa muda mrefu. Hivyo, mpiga picha akitaka dirisha lififie bila kugusa mwanga wa flashi, huongeza kasi ya shata. Akitaka ling'ae zaidi, huipunguza.

Kuna mpaka mmoja wa kuzingatia. Kamera nyingi haziwezi kufanya kazi na flashi kwa njia ya kawaida ikiwa kasi ya shata inazidi takriban 1/200 au 1/250 ya sekunde. Mpaka huo ukivukwa, sehemu ya picha hutokea ikiwa na mkanda mweusi.

Mfano wa chumba cha Mji Mkongwe

Vyumba vya nyumba za zamani za mwambao aghalabu ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na madirisha yake ni ya kina. Chukulia chumba chenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 9, chenye dirisha upande wa mwisho na mlango wa pembeni unaoingia chumba kingine.

Hatua ya kwanza ni kuchagua wakati. Jua la saa sita mchana hulifanya dirisha kuwa kali kuliko uwezo wa flashi ndogo. Asubuhi na mapema, au muda mfupi kabla ya jua kuzama, tofauti kati ya nje na ndani hupungua na kazi huwa nyepesi.

Hatua ya pili ni kuweka kamera kwenye stendi na kupiga picha bila flashi. Mpangilio wa kuanzia unaweza kuwa ISO 400, tundu la lenzi f/8 na kasi ya shata 1/125. Kasi hiyo hurekebishwa hadi mandhari ya dirishani yaonekane yakiwa na mwanga kidogo zaidi ya kawaida, kama jicho linavyoyaona likiwa ndani. Chumba kitaonekana cheusi, na hilo halipaswi kumtia hofu mpiga picha.

Hatua ya tatu ni kuongeza flashi moja baada ya nyingine. Flashi ya kwanza huwekwa karibu na kamera, ikielekezwa kwenye mwavuli, kwa nguvu ya 1/4. Kazi yake ni kutoa mwanga wa jumla ili vivuli visiwe vyeusi mno. Flashi ya pili hufichwa katikati ya chumba, nyuma ya kabati au nguzo, ili kuangaza sehemu ambayo mwanga wa kwanza haukuifikia. Flashi ya tatu huwekwa katika chumba cha pili, nje ya upeo wa kamera, ili mwanga utokee mlangoni na kuonesha kuwa nyumba inaendelea.

Kila flashi inapaswa kupigiwa picha ya majaribio peke yake, nyingine zikiwa zimezimwa, ili mpiga picha ajue mchango wake. Ndipo zote huwashwa pamoja. Iwapo eneo moja limezidi mwanga, flashi inayohusika hupunguzwa kutoka 1/4 hadi 1/8, ambayo ni nusu ya mwanga wa awali, au husogezwa mbali.

Katika chumba chembamba, kosa la kawaida ni kuweka flashi karibu mno na ukuta wa pembeni, na ukuta huo ukawa na doa jeupe. Kosa jingine ni kuelekeza flashi kwenye dari ya boriti kwa matarajio kuwa mwanga utarudi chini. Dari nyeupe hurudisha mwanga vizuri, lakini boriti zilizokolea hurudisha mwanga kidogo tu. Ukuta mweupe au mwavuli hufaa zaidi.

Mwanga wa ubavuni na hali ya ukuta

Baada ya picha ya chumba kizima, hufuata picha za sehemu mahsusi. Hapa flashi moja huwekwa ubavuni mwa ukuta, mbali kidogo na eneo linalopigwa picha, ili mwanga upite karibu sambamba na uso wa ukuta. Kila kilichoinuka hupata kivuli. Nakshi za mlango, mapambo ya plasta, na zidaka za nyumba za Lamu huonekana kwa kina chake. Kwa njia hiyohiyo, nyufa, unyevu uliovimbisha chokaa na viraka vya matengenezo ya zamani hujitokeza.

Inashauriwa sehemu moja ipigwe picha mbili, ya kwanza mwanga ukitoka kushoto na ya pili ukitoka kulia au juu, kwa kuwa ufa unaofuata uelekeo wa mwanga unaweza usionekane. Rula au kipimo kingine kinachosomeka kiwekwe kando ya ufa ili upana wake ujulikane.

Rangi na mng'ao

Mwanga wa flashi una rangi inayokaribiana na ya jua la mchana, takriban Kelvin 5,500. Balbu za rangi ya manjano huwa karibu na Kelvin 2,700 hadi 3,000. Mianga hiyo ikichanganyika, upande mmoja wa chumba huonekana wa manjano na mwingine wa buluu. Suluhisho rahisi ni kuzima taa za chumba. Ikiwa taa ni sehemu ya kumbukumbu, flashi hufunikwa kwa karatasi angavu ya rangi ya chungwa ili zifanane nazo. Hata hivyo, mwanga wa dirishani utaonekana wa buluu zaidi. Aidha, mwanga ukigonga ukuta wa kijani hurudi na ukijani wake, hivyo ukuta wa rangi usitumike kurudishia mwanga.

Kuhusu vioo na fremu, mwanga huondoka kwenye kioo kwa pembe ileile uliyofikia. Doa la mng'ao likionekana, flashi husogezwa pembeni au kuinuliwa hadi doa litoke ndani ya upeo wa picha.

Usalama, idhini na utunzaji

Kabla ya kupiga picha ndani ya jengo la umma, makumbusho au nyumba ya ibada, mhusika anapaswa kuomba idhini ya wasimamizi wake na kueleza kuwa atatumia flashi. Makumbusho mengi hayaruhusu flashi mbele ya nguo, hati na michoro ya zamani, na maelekezo hayo yaheshimiwe. Stendi ziwekewe mifuko ya mchanga miguuni zisianguke juu ya mali za kale. Watu waliomo ndani wajulishwe mapema, kwa kuwa mianga ya ghafla inayojirudia inaweza kuwaathiri wenye aina fulani ya kifafa.

Asiye na flashi zaidi ya moja anaweza kuacha kamera bila kuisogeza, akapiga picha kadhaa huku akihamisha flashi yake, kisha akaziunganisha kwa programu ya kompyuta. Picha iliyotengenezwa hivyo inapaswa kutambulishwa wazi katika maelezo yake, na picha za awali zihifadhiwe bila kubadilishwa.

Kila picha iambatane na tarehe, jina la jengo na chumba, upande ambao kamera ilielekea, pamoja na mchoro mdogo unaoonesha mahali pa kamera na kila flashi na nguvu iliyotumika. Kwa taarifa hizo, mtu mwingine anaweza kurudi baada ya miaka mitano, akasimama mahali palepale, akaweka mwanga uleule na kujua kama ufa umeongezeka. Nakala zihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja, na angalau moja iwe nje ya jengo lenyewe.