Hela za Tabora: Kosa la Mashine au Jeraha la Njiani?

Ninyi wenye karatasi hii, someni polepole pamoja nami.

Somo la leo ni habari za hela. Je, neno hili limetoka wapi? Wajerumani walipoitawala Tanganyika, fedha yao ilikuwa rupia. Tangu mwaka 1904 rupia moja iligawanywa katika heller 100. Wazee wetu wakatamka hela, na mpaka leo mtu asiye na kitu husema, "Sina hela."

Mwaka 1914 vita vikuu vilianza. Manowari za Waingereza ziliziba njia ya bahari, na sarafu kutoka Ujerumani hazikufika tena. Serikali ilichapa noti, lakini watu wengi walipenda sarafu, maana karatasi hulowa, na mchwa huila. Basi mwaka 1916 sarafu zilitengenezwa humu humu nchini, katika karakana ya reli huko Lulanguru, karibu na Tabora. Zilikuwa za hela 5, za hela 20, na za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Sarafu hizo za tembo zilikuwa 16,198 tu. Alama yao ni herufi T, yaani Tabora.

Sasa sikilizeni namna sarafu inavyopigwa. Kipande cha madini huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu. Mashine hugandamiza kwa nguvu, na picha hutokea pande zote mbili. Penye vifaa vizuri, makosa ni machache. Lakini pale Tabora palikuwa na haraka ya vita, na vifaa vilikuwa vya kubahatisha. Kwa hiyo hela 20 za mwaka 1916 zina kasoro nyingi.

Ukiwa nayo moja, ishike penye mwanga, uitazame kwa mambo matatu.

La kwanza: je, picha imekwenda upande, ukingo mmoja ukabaki mtupu? Kipande hakikukaa katikati ya mihuri. Hilo ni kosa la mashine.

La pili: je, maandishi yanaonekana mara mbili? Huenda sarafu ilipigwa, ikasogea, ikapigwa tena.

La tatu ndilo linalowadanganya wengi, nalo ni mstari. Upapase kwa kidole. Ukiwa umeinuka juu, huenda muhuri ulipasuka, na madini yakaingia katika ufa. Ukiwa umezama chini, mara nyingi ni mkwaruzo tu, jeraha la njiani.

Tena angalieni: si kila tofauti ni kosa. Hela 20 nyingine zina taji kubwa, nyingine taji dogo, kwa sababu mihuri ilikuwa mbalimbali. Nyingine ni za shaba nyekundu, nyingine za shaba ya njano. Tundu je? Hela 10 za kabla ya vita zilitoka kiwandani na tundu katikati. Lakini hela 20 ya Tabora yenye tundu ilitobolewa baadaye, labda ivaliwe shingoni.

Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Kazi ile ilikuwa ya miezi michache tu. Kwa hiyo kosa lililo juu ya hela ile ni ushahidi: linatuonyesha serikali iliyobanwa na vita, ikifua fedha katika karakana ya reli.

Ndugu msikilizaji, ukiikuta hela kama hiyo katika kisanduku cha bibi yako, usiisugue kwa mchanga wala kwa ndimu. Ukiing'arisha unaiharibu, na thamani yake inapungua. Wala usimwamini upesi anayekuambia ni ya mamilioni, ukimlipa kwanza akutafutie mnunuzi. Wala usimpe kwa bei ya chumvi anayekuambia haifai kitu. Isome kwanza wewe mwenyewe: mwaka, herufi, mstari. Aliyejifunza kusoma hasomi vitabu tu.

Maswali ya darasani:
1. Neno hela limetoka wapi?
2. Kwa nini sarafu zilipigwa karibu na Tabora mwaka 1916?
3. Utajuaje mstari wa ufa wa muhuri na mstari wa mkwaruzo?