Motokaa ya Nyayo

Ewe msomaji, upitapo katikati ya Nairobi huona motokaa nyingi, nazo karibu zote asili yake ni ng'ambo. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde motokaa ya Kenya, hata ikiwa mbaya ya sura na nzito ya mwendo. Zikaundwa tano za majaribio, zikafikia kilomita 120 kwa saa. Mwaka 1990 zikaonyeshwa hadharani. Shirika likaanzishwa ili zitengenezwe kwa wingi, lakini fedha zikakosekana, zisiuzwe kamwe.

Je, tuwacheke mafundi wale? La. Kuunda motokaa tano ni kazi ya akili na mikono. Kuunda elfu tano hutaka kiwanda na mali nyingi. Wao walianza, kumaliza kumesalia.