Uvimbe wa taya kwa watoto: kansa ya Burkitt, undugu wake na malaria, na sababu dawa inashindwa

Mtoto wa miaka 5 au 6 anaamka na shavu limevimba. Kwanza watu wa nyumbani wanasema ni jino. Wanatafuta dawa ya jino, wanangoja. Juma la kwanza shavu limekuwa kama limau, juma la pili kama chungwa. Meno yanaanza kulegea na jicho la upande ule linasukumwa nje. Hapo ndipo familia inaanza kuhangaika, na siku nyingi zimekwisha kupotea.

Si kila shavu lililovimba ni kansa. Mara nyingi ni jino kweli, au usaha. Lakini kuna kansa moja ya watoto inayoanza namna hiyo, na inapatikana zaidi katika nchi za joto zenye malaria nyingi, kama vile Fizi, Baraka, Misisi na Lulimba. Inaitwa limfoma ya Burkitt. Ukurasa huu unaeleza ilivyogunduliwa, inavyofanya kazi mwilini, inavyopimwa, na kwa nini wengine wanapona na wengine dawa inawashinda.

Ilianzia Kampala

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini, mwenye jicho moja tu tangu utoto. Alifika Uganda mwaka 1946. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, mwenzake Hugh Trowell alimwita aone mtoto wa kiume wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye sura ile ile. Alipompima vizuri akakuta tumboni nako kuna uvimbe.

Wawili wakamfanya ajiulize. Akafungua madaftari ya hospitali, akakuta watoto wengine wengi waliokuwa wameandikwa kwa majina tofauti: huyu kansa ya taya, huyu ya figo, huyu ya jicho. Kumbe ugonjwa ulikuwa mmoja. Aliandika juu yake mwaka 1958. Wataalamu wa maabara wa Kampala, akina Gregory O'Conor na Jack Davies, wakaonyesha kwamba ni limfoma, yaani kansa ya chembechembe nyeupe za damu, zile askari zinazoulinda mwili.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wawili wenzake, Ted Williams na Clifford Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri wiki 10, karibu kilomita 16,000, kutoka Uganda mpaka Afrika ya Kusini. Kila hospitali walipofika walionyesha picha na kuuliza: watoto kama hawa mnawaona hapa? Majibu waliyachora kwenye ramani.

Ramani ikasema jambo. Ugonjwa ulikuwa kwenye nchi za chini, zenye joto na mvua. Karibu na ikweta, ukipanda juu ya mita 1,500 hivi, ulipotea. Kwa mtu wa Fizi hesabu hiyo ni rahisi kuelewa: ziwa Tanganyika, pale Baraka, liko kwenye mita 770 hivi, na nchi za juu za Itombwe zinapita mita 2,000. Kule juu baridi inazuia mbu. Huku chini mbu wako kwao. Na pale Zanzibar, ambako ni chini kabisa lakini malaria ilikuwa imepigwa vita, uvimbe huu ulikuwa haba.

Kirusi kwenye chupa iliyochelewa

Mwezi wa tatu mwaka huo huo wa 1961, Burkitt alikuwa London akieleza habari hizi. Kati ya wasikilizaji alikuwepo mtafiti Anthony Epstein. Aliwaza: kama ugonjwa unafuata hali ya hewa, huenda kuna kirusi ndani yake. Wakapatana watume vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege.

Karibu miaka miwili Epstein hakupata kitu. Mwezi wa 12 mwaka 1963 ndege iliyobeba chupa moja ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester, na chupa ikachelewa kufika. Maji yake yalikuwa yamechafuka, ikaonekana yameoza. Walipoyatazama kwa darubini wakakuta ni seli za kansa, hai, zinaelea zenyewe. Seli hizo zikakuzwa, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake. Kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuwa na mkono katika kansa ya binadamu.

Je, ni kusema kansa hii inaambukiza? Hapana. Kirusi chenyewe kinapita kwa mate, na karibu kila mtu mzima duniani anacho. Watoto wengi wa Afrika wanakipata kabla ya miaka 3, bila ugonjwa wowote. Kinaingia kwenye chembechembe nyeupe na kukaa humo maisha yote, kimya. Kwa hiyo mtoto mgonjwa wa Burkitt hana haja ya kutengwa. Anaweza kula na wenzake na kulala nao.

Malaria inaingia wapi?

Kama wote wana kirusi, kwa nini wachache tu wanaugua? Hapo ndipo malaria inapoingia.

Mtoto anayepata malaria mara kwa mara, mwili wake unalazimika kutengeneza askari wengi kila wakati. Wale wenye kirusi nao wanaongezeka. Askari anapozaliwa, mwili hukata na kuunga upya sehemu za jeni zake ili atengeneze silaha nzuri. Kazi hiyo ikifanyika mara nyingi mno, makosa yanatokea. Kipande cha kromosomu ya 8 kinakatika na kuungwa kwenye kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14. Katika kipande hicho kuna jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli igawanyike. Mahali papya inaamuru bila kupumzika.

Ni kama moto ambao gesi yake imebanwa hapo hapo: haupungui. Seli moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Hakuna kansa ya binadamu inayokwenda mbio kuliko hiyo.

Ushahidi umekusanywa miaka mingi. Huko West Nile, kaskazini mwa Uganda, watafiti wakiongozwa na Guy de-Thé walichukua damu ya watoto kama 42,000 katika miaka ya 1970, wakawafuata. Waliougua baadaye walikuwa tayari na alama nyingi za kirusi katika damu, kabla uvimbe haujatokea. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionyesha kwa panya jinsi malaria ya muda mrefu inavyozidisha makosa hayo ya kukata jeni.

Hata hivyo mzazi asijilaumu. Watoto karibu wote wa huku wanapata malaria, na wanaopata kansa hii ni wachache sana. Chandarua na matibabu ya haraka ya malaria vinasaidia, lakini aliyeugua hakuugua juu ya kosa la mama yake. Wala hakulogwa.

Dalili za kuangalia

Ugonjwa unapata zaidi watoto wa miaka 4 hadi 7, na wavulana kuliko wasichana. Mambo ya kuangalia ni haya:

- Shavu au taya inayovimba kila siku, mara nyingi bila homa na bila maumivu makali ya jino.
- Meno kulegea kabla ya wakati wake, hata kadhaa pamoja.
- Jicho kutoka nje.
- Tumbo kujaa na kuwa gumu upande mmoja, bila kuwa wengu wa malaria au minyoo.
- Miguu kuishiwa nguvu ghafla, au mtoto kushindwa kukojoa. Hapo uvimbe umebana uti wa mgongo, na kila saa ina maana.

Kung'oa jino hakuponyi, na kuchanja kunaongeza vidonda. Dawa ya usaha ikitumika siku chache na uvimbe ukazidi kukua, huo ni wakati wa kuuliza tena, si wakati wa kurudia dawa ile ile.

Namna ya kupima

Macho peke yake hayatoshi. Muganga anatoa kipande kidogo cha uvimbe, au anavuta seli kwa sindano. Labo inatazama kwa darubini. Seli za Burkitt zimebanana, nyeusi nyeusi, na katikati kuna seli kubwa nyeupe zinazokula zilizokufa. Wataalamu wanasema inafanana na anga la usiku lenye nyota.

Baada ya hapo wanatafuta ugonjwa umefika wapi: ekografia ya tumbo, kupima mafuta ya ndani ya mfupa, na kuchukua maji ya uti wa mgongo. Damu inapimwa pia, pamoja na virusi vya Ukimwi na malaria, kwa sababu vinaweza kubadilisha matibabu.

Shida ya eneo kama Misisi inajulikana. Kituo cha afya hakina mtaalamu wa kusoma kipande cha kansa, hivyo mtoto au kipande chake lazima kisafiri. Kutoka Misisi ni moto au gari mpaka Baraka, halafu Uvira, halafu Bukavu, na wakati wa mvua barabara ni matope. Uvimbe unaojiongeza kila siku mbili haungoji barabara ikauke. Ndiyo maana watafiti wa Tanzania na Uganda wamekuwa wakijaribu njia ya kugundua limfoma kwa damu tu, kwa kutafuta vipande vya jeni za kansa na za kirusi vinavyoelea humo. Njia hiyo ikikubalika, chupa ya damu itasafiri mahali pa mtoto.

Dawa, na kwa nini zinashindwa

Kansa inayokua upesi inauawa upesi pia, kwa kuwa dawa za kansa zinashambulia seli zinazogawanyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kampala haikuwa na mashine ya mionzi. Burkitt akajaribu dawa, hasa siklofosfamidi, na uvimbe mkubwa ukayeyuka kwa siku chache. Mwaka 1967 ikaanzishwa Taasisi ya Kansa ya Uganda, chini ya Mmarekani John Ziegler, na baadaye Mganda Charles Olweny akaiongoza. Hapo walijifunza kuchanganya dawa: siklofosfamidi, vinkristini, methotreksati. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa kati ya waliopewa tuzo ya Lasker ya Marekani. Matibabu yaliyojaribiwa Afrika yakasaidia dunia nzima kuamini kwamba kansa inaweza kupona kwa dawa.

Leo katika nchi tajiri karibu watoto 9 kati ya 10 wanapona. Afrika ni wachache kuliko hapo. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni seli sugu. Kati ya mamilioni ya seli, chache zina makosa mengine zaidi. Kuna jeni iitwayo TP53, ambayo kazi yake ni kuiambia seli iliyoharibika ijiue. Ikiharibika yenyewe, dawa inajeruhi seli lakini seli haifi. Nyingine zina pampu za kutapika dawa nje.

Ya pili ni maficho. Ubongo na uti wa mgongo vina ukuta ambao dawa nyingi hazipiti. Ndiyo sababu mtoto anachomwa dawa mgongoni, hata kama kichwani hakuna dalili. Wazazi wengi wanaogopa sindano hiyo, wakidhani inalemaza. Kinachoweza kulemaza ni kansa iliyoachwa pale.

Ya tatu ni kukatiza. Baada ya dozi ya kwanza shavu linarudi kawaida, mtoto anacheza, nauli imekwisha, mashamba yanangoja. Familia inarudi nyumbani. Lakini seli zilizobaki ni zile ngumu kuliko zote, na zinapata nafasi.

Ya nne ni mwili wenyewe kushindwa. Uvimbe mkubwa ukifa kwa wakati mmoja, taka zake zinajaa kwenye damu na kuziba figo. Kwa hiyo mtoto anapewa maji mengi ya mshipa na dawa ya kulinda figo, na hapaswi kutibiwa mahali pasipo na uangalizi.

Ugonjwa ukirudi, wakati una maana. Madaktari wa Kampala waliona kwamba ukirudi ndani ya miezi 3, mara nyingi ni zile seli sugu, na matumaini ni madogo. Ukirudi baada ya muda mrefu, wengi waliitikia dawa tena. Vipimo vilionyesha kwamba kwa baadhi yao haikuwa kansa ya zamani bali mpya kabisa. Hivyo mtoto aliyepona akivimba tena baada ya mwaka, arudishwe hospitali. Asikatiwe tamaa nyumbani.

Maswali ya kumuuliza muganga

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo la kuponya angalau watoto 60 kati ya 100 wenye kansa ifikapo 2030, na Burkitt ni moja ya kansa 6 zilizochaguliwa kufuatwa. Kwa familia ya hapa, lengo hilo linaanza na maswali machache: Huu uvimbe ni nini, na nani atausoma kwenye darubini? Tunatumwa wapi, na barua ya kutumwa iko wapi? Dozi ni ngapi kwa jumla, na kila moja ni tarehe gani? Tutalala wapi kati ya dozi? Nani abaki na watoto wengine nyumbani?

Majibu yaandikwe kwenye daftari la mtoto. Mama akichoka, baba au shangazi aendelee nalo, hadi dozi ya mwisho.