Malkia wa Shupaza na Mjane wa Kijijini Kwetu

Mcheza karata wa Unguja au Pemba huzungumza Kireno bila ya kukusudia. Neno karata limetoka kwa Wareno. Kopa ni vikombe, shupaza ni mapanga, uru ni dhahabu na pau ni magongo. Hata turufu, karata inayozipiga nyengine zote, ina asili moja na neno trionfi, jina ambalo Wataliana wa karne ya 15 waliupa mchezo ambao baadaye ulikuja kuitwa taroti. Basi taroti ni jamaa wa karata zetu za barazani, ijapokuwa jamaa wa mbali. Ina karata 78: turufu 22, karata za hesabu 40, na karata za watu 16. Katika kila jamii ya karata mna ghulamu, mpanda farasi, malkia na mfalme.

Sikusudii kuzungumzia ramli. Ramli ina wenyewe, na dini imekwisha kuisemea. Nakusudia suala la historia: hawa watu 16 ni nani? Wanaoipenda taroti hupeana shauri kwamba, ukitaka kuifahamu karata ya mtu, umtafute mtu unayemjua aliyefanana nayo. Shauri hili huonekana kuwa ni hila ya kurahisisha kukumbuka. Kwa maoni yangu lina mizizi mirefu zaidi, kwani linaturejesha kule ambako karata hizi zilianzia.

Karata ziliingia Ulaya katika karne ya 14 zikitokea nchi za Waislamu. Katika jumba la Topkapi, Istanbul, kumehifadhiwa karata za zama za Mamluki wa Misri, nazo zina jamii nne: vikombe, dinari, panga na magongo ya mchezo wa polo. Wakubwa wake ni watatu: malik, naibu wa malik, na naibu wa pili. Hawana sura. Vyeo vyao vimeandikwa kwa khati nzuri, basi. Wataliana waliuchukua mchezo pamoja na jina la yule naibu, wakaziita karata naibi, nasi tunalo neno lilo hilo katika serikali na maskuli yetu. Lakini Wataliana hawakutosheka na cheo kitupu. Walikipa cheo uso.

Na uso huo ulikuwa wa jirani. Mwaka 1440, mwandishi wa hati aitwaye Giusto Giusti aliandika katika kumbukumbu zake kwamba alitengenezesha Florence karata za trionfi zenye nembo ya Sigismondo Malatesta, ili ampelekee bwana huyo. Miaka michache baadaye, watawala wa Milano, Filippo Maria Visconti na mkwewe Francesco Sforza, walichorewa karata za dhahabu ambazo wafalme na malkia wake wamevaa nguo zenye alama za nyumba zao wenyewe. Aliyeshika karata hizo hakuwa na haja ya kuuliza mfalme huyu ni nani. Alikuwa akila naye.

Wafaransa walikwenda mbele zaidi katika karata zao za kawaida, wakaandika majina. Mfalme wa Shupaza akawa Daudi, na Mfalme wa Pau akawa Alexandre, yaani Iskandari. Hawa ni watu wa vitabuni. Lakini ghulamu wa Kopa aliitwa La Hire, na La Hire alikuwa mtu khasa: askari Étienne de Vignolles, aliyepigana pamoja na Jeanne d'Arc kule Orléans mwaka 1429, akafa mwaka 1443. Watu walimkumbuka, na kumbukumbu yao ikapanda juu ya karata ya ghulamu.

Mageuzi yalikuja Paris katika karne ya 18. Jean-Baptiste Alliette, aliyeligeuza jina lake nyuma mbele akajiita Etteilla, alichapisha mwaka 1770 kitabu cha kubashiria kwa karata, na baadaye akaiingia taroti. Mbashiri hawezi kufanya kazi na La Hire, kwa sababu mteja wake hamjui La Hire. Anahitaji mtu wa jumla: mwanamme mwenye nywele hizi, mwanamke mwenye tabia hii. Watu wakafanywa aina. Na Malkia wa Shupaza, mwanamke aliyeshika upanga, akaandikiwa neno moja: ujane.

Tulitazame neno hilo. Mfalme wa Shupaza hakuitwa mgane. Mwanamke akionekana ameshika upanga peke yake, kilichomjia mbashiri kwanza ni kuwa hana mume. Vitabu vilivyofuata vililichukua neno hilo na kuliongezea huzuni, ukavu na upweke, likawa kama bahati mbaya iliyovaa taji.

Mwaka 1909, London, Arthur Edward Waite alitoa taroti mpya iliyochorwa na Pamela Colman Smith. Mwanamke huyu, aliyezaliwa mwaka 1878, aliishi Jamaica sehemu ya utoto wake na akachapisha hadithi za Anansi za kule, ambaye kwa ujanja wake ni ndugu wa Sungura wetu. Alifanya kazi na watu wa tamthilia, akijua jinsi mkono mmoja unavyoweza kusema. Katika maandishi yake Waite aliubakisha ujane na huzuni. Lakini mchoraji alimkalisha malkia kwenye kiti cha enzi, upande mmoja wa uso wake ukionekana. Mkono wa kulia umeusimamisha upanga wima. Mkono wa kushoto umenyooshwa mbele, wazi, kama wa mtu anayemwambia mwenziwe, "Karibu, sema." Maandishi hayakuueleza mkono huo.

Mimi nilielezwa na mjane mmoja wa kijijini kwetu, Pemba, ambaye jina lake nitalistahi. Mumewe aliacha nyumba, shamba la mikarafuu 72, binti wawili, na ndugu wa kiume. Ndugu walisema shamba ni la ukoo, lirudi lote. Mabinti walisema ami zao hawakuonekana wakati wa ugonjwa, hivyo wasipewe hata jani. Bi mkubwa alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, kimya. Ilipokwisha aliwaita wote. Urithi, alisema, ni mafungu 24: mke matatu, mabinti kumi na sita, ndugu matano. Kisha aliingia shambani na panga, akitia alama kwenye magome: mikarafuu tisa yake, 48 ya wanawe, 15 ya mashemeji. Hakuwaongezea wanawe mti mmoja, wala hakuwapunguzia wale waliotaka kumtoa. Adhuhuri ilipofika aliwapakulia wote, na mashemeji wakala sinia moja na watoto wa ndugu yao.

Huo ndio mkono wa kushoto. Upanga wake haukuwa wa kumkata mtu. Ulikata shauri ili watu waweze kubaki pamoja. Alikuwa mjane, naam, na huzuni yake niliiona, lakini ujane haukuwa maana yake. Ulikuwa hali iliyompata, na yeye alikuwa mtu kabla yake na baada yake.

Kwa mfasiri, jambo hili lina faida yake. Sifa ya uso wa malkia huyu, katika lugha za Ulaya, hukaribia neno "mkali". Katika vinywa vyetu, mwanamke mkali ni lawama. Baada ya kuiona ile mikarafuu, neno lilikuja lenyewe: mwadilifu. Lina ukali wa kutosha ndani yake, na lina mizani.

Hata hivyo, shauri lile la kuijua karata kwa mtu lina mpaka wake, na wengi huuvuka. Mtu huieleza karata. Karata haimwelezi mtu. Lau ningelirudi kijijini nikamtazama bibi yule kama Malkia wa Shupaza, ningelimfanyia alilolifanya Etteilla: ningelimvua jina na kumvika aina. Nisingeliiona mizaha yake, wala hofu yake ya bahari, wala namna anavyowadekeza wajukuu kinyume na kila sheria. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa kiza. Tunalodhani tumelijua kwa kuwa tumelipa jina nalo lina kiza chake, na watu wengi, wajane khasa, wamewekwa humo miaka mingi na waliodhani wanawamulika.