Pensheni kwa bibi walezi: Funzo la utafiti wa Nshamba, Muleba

KWA miaka mingi, kazi ya ustawi wa jamii kwa wazee nchini Tanzania ilieleweka kuwa ni kuwahifadhi wasio na ndugu katika makazi maalumu na kuwagawia misaada pale inapopatikana. Mzee alihesabiwa kuwa mtu wa kutunzwa. Ugonjwa wa ukimwi uliipindua hesabu hiyo.

Mapinduzi hayo yalionekana mapema mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waligunduliwa mwaka 1983. Ugonjwa ulipowachukua wazazi, watoto walibaki mikononi mwa babu na bibi. Bibi aliyetarajia kutunzwa na mwanawe akajikuta anaanza ulezi upya, hana mshahara wala nguvu za kushika jembe kama zamani.

Ni katika mazingira hayo shirika la Kwa Wazee lilianza kazi Nshamba, wilayani Muleba, mwishoni mwa mwaka 2003. Badala ya kugawa vyakula au nguo, liliwalipa wazee maskini pensheni ndogo ya fedha taslimu kila mwezi. Katika miaka ya mwanzo kiwango kilikuwa Sh6,000, pamoja na nyongeza kwa waliokuwa wakilea wajukuu. Matumizi aliyaamua mzee mwenyewe.

Je, fedha hizo zingemfikia mtoto? Jibu lilitafutwa kwa utafiti. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 iliwalinganisha wazee waliokuwa wakilipwa na wenzao wa hali kama yao waliokuwa hawajaanza kulipwa. Bila ulinganisho wa namna hiyo, ni vigumu kujua kama maisha yamebadilika kwa sababu ya pensheni au kwa sababu mvua za mwaka huo zilikuwa nzuri.

Ilibainika kuwa fedha zilikwenda kwenye chakula, chumvi, sabuni na mahitaji ya shule. Kaya zilizolipwa zilikula vizuri zaidi, na wazee walipungukiwa na wasiwasi pamoja na fedheha ya kuomba kwa majirani. Kwa maneno mengine, kumsaidia mzee kulikuwa pia ni kumsaidia mtoto.

Hata hivyo, fedha peke yake haziondoi upweke wala msiba. Ndiyo maana shirika hilo liliwaunganisha wazee katika vikundi vya kusaidiana, ambamo wanatembeleana, hasa anapougua mmoja wao.

Nshamba walilipwa waliochaguliwa kwa umaskini wao. Zanzibar ilichukua njia nyingine Aprili 2016, ilipoanzisha pensheni jamii kwa wakazi wote wenye miaka 70 na zaidi, tajiri kwa maskini, ikigharimiwa na serikali. Kiwango cha kuanzia kilikuwa Sh20,000 kwa mwezi. Nchini Kenya, mpango wa Inua Jamii ulipanuliwa mwaka 2018 kuwafikia wenye umri huo wasio na pensheni nyingine, kwa Sh2,000 za Kenya kwa mwezi.

Kila njia ina ugumu wake. Kuchagua maskini katika kijiji ambacho karibu kila mtu ni maskini huzua manung'uniko. Kulipa kwa kigezo cha umri huondoa ubishi huo, lakini huleta swali la uthibitisho, kwa kuwa wazee wengi walizaliwa bila vyeti.

Hapo ndipo ofisa ustawi wa jamii anapohitajika: kumtafuta mzee asiye na kitambulisho, kumfikia asiyeweza kutembea hadi kituo cha malipo, na kuhakikisha kuwa anayepokea kwa niaba yake anamfikishia fedha zote. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Mwenye miaka 62 anayelea wajukuu watano bado yuko mbali na umri wa pensheni ya Zanzibar, ilhali watoto hao wanahitaji kula leo.