Mabadiliko ya Kromosomu
Mabadiliko ya kromosomu ni hitilafu katika idadi au muundo wa kromosomu, yaani nyuzi za DNA na protini zinazobeba jeni ndani ya kiini cha seli. Kipande kinaweza kupotea, kurudufika, kugeuka (mara nyingi bila madhara kwa mhusika) au kuhamia kromosomu nyingine. Mfano mashuhuri wa uhamaji ulielezwa mwaka 1973 na Janet Rowley wa Marekani, aliyeonyesha kwamba katika lukemia sugu ya mieloidi kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande, jambo linalounganisha jeni mbili na kuzalisha protini inayochochea seli kugawanyika ovyo. Dawa ya imatinibu huizuia protini hiyo. Kuhusu idadi, kromosomu ya 21 ikiwa tatu badala ya mbili, hutokea sindromu ya Down.