Likizo Iliyowafungulia Wasichana Mlango wa Sayansi

Miongoni mwa desturi za elimu zilizoenea Marekani katika zama zetu ni ile ya kuwakusanya wasichana wa shule za sekondari wakati wa likizo ndefu ya majira ya joto, wakakaa chuoni wiki kadhaa wakijifunza sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati kwa mikono yao wenyewe. Wengi hudhani kwamba desturi hiyo ni zao la kompyuta. Lakini mwenye kuifuatilia nasaba yake hana budi kurudi nyuma zaidi ya karne moja, hadi kwenye kisiwa kidogo cha mawe katika ghuba ya Buzzards, jimbo la Massachusetts, mwaka 1873.

Kisiwa hicho, kiitwacho Penikese, kilikuwa mali ya John Anderson, tajiri wa tumbaku wa New York, naye alikitoa hiba pamoja na dola 50,000 kwa Louis Agassiz, mwanazuoni mzaliwa wa Uswisi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard, ili aanzishe huko shule ya kusoma viumbe wa bahari. Mwezi wa Julai walivuka kwenda kisiwani walimu wapatao 50, na takriban theluthi moja yao walikuwa wanawake. Banda kuukuu lilikuwa limegeuzwa kwa haraka kuwa mahali pa kulia na pa kusomea: sakafu ilikuwa mpya, lakini kuta na milango ilibaki kama ilivyokuwa, na mbayuwayu hawakusumbuliwa katika viota vyao chini ya paa. Kitabu hakikuwa na cheo kikubwa pale. Mwanafunzi alikabidhiwa kiumbe wa baharini, akatakiwa amtazame, na amtazame tena, mpaka aweze kueleza kwa maneno yake mwenyewe alichokiona.

Ili kufahamu thamani ya jambo hili, yafaa tukumbuke kwamba Harvard yenyewe haikuwapokea wanawake, na kwamba ni mwaka huo huo wa 1873 ambapo Ellen Swallow alikuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada katika chuo cha ufundi cha MIT. Lililokatazwa muhula mzima liliwezekana likizoni, kwa sababu likizoni hapakuwa na shahada ya kutolewa, wala nafasi ambayo mwanamume angeweza kulalamika kuwa amenyang'anywa. Hata hivyo haifai kuficha kwamba Agassiz huyo huyo alieneza itikadi batili ya kuwa watu weusi ni duni kwa maumbile. Mtu aweza kuwafungulia hawa mlango huku akiutia komeo kwa wale, na katika historia ya elimu hilo limetokea mara nyingi.

Agassiz alifariki Desemba ya mwaka ule, na baada ya majira ya joto ya 1874 shule ya Penikese ikafungwa. Lakini mbegu ilikwisha kupandwa. Katika kundi la mwaka huo wa pili alikuwamo Cornelia Clapp, mwalimu wa Mount Holyoke, shule ya wasichana katika jimbo hilo hilo. Na mwaka uliotangulia alikuwa amekwenda mwenzake, Lydia Shattuck, mwalimu wa elimu ya mimea. Wanawake wa Boston waliokuwa wameunda chama chao cha elimu walitoa msaada, ikafunguliwa maabara ndogo ya likizo huko Annisquam mwaka 1881. Na mwaka 1888, kwa msaada wao tena, ikafunguliwa Maabara ya Biolojia ya Bahari huko Woods Hole, ambayo ingali hai hadi leo.

Clapp alikuwamo tangu msimu wa kwanza. Mkurugenzi, Charles Whitman, alimpa kazi ya kuchunguza samaki mmoja wa pwani ile, mwenye kichwa kipana na sura isiyopendeza, ambaye hutaga mayai yake chini ya mawe, yakagandama palepale. Na kwa kuwa yai halihami wala halibingiriki, mtazamaji aweza kujua siku baada ya siku kiinitete kinakua kikielekea upande gani. Kazi ya namna hiyo ilimfikisha kwenye shahada ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896, na mwaka 1910 akachaguliwa kuwa mdhamini wa maabara. Amma lililo kubwa kuliko vyeo hivi ni kwamba, kila likizo ilipokwisha, alirudi Mount Holyoke na yale aliyojifunza, akawafundisha wasichana wake kwa viumbe wenyewe badala ya kuwakaririsha habari zao.

Vizazi vilivyofuata vilipita njia hiyo hiyo. Mwaka 1929 binti mmoja aliyetoka kuhitimu chuo huko Pennsylvania, mbali na pwani, alifika Woods Hole kwa wiki sita, na hapo ndipo macho yake yalipoiona bahari kwa mara ya kwanza. Jina lake Rachel Carson, naye baadaye aliandika juu ya bahari na juu ya sumu za wadudu vitabu vilivyotikisa dunia.

Muungano wa Kisovieti uliporusha satelaiti ya Sputnik mwaka 1957, serikali ya Marekani ilishikwa na hofu, ikatoa fedha nyingi kwa ajili ya masomo ya sayansi, yakiwemo mafunzo ya likizo kwa vijana wa sekondari. Na sheria ya 1972 ikapiga marufuku ubaguzi wa jinsia katika shule zinazopata fedha za serikali kuu. Mwaka 1990 Chuo cha Smith, ambacho ni cha wanawake, kilianzisha programu ya wiki nne ambamo wasichana wa sekondari hufanya utafiti pamoja na maprofesa. Na mwaka 2012, huko New York, shirika la Girls Who Code lilianza na wasichana 20, likiwafundisha kuandika programu za kompyuta bila malipo. Sharti hilo la bila malipo lina uzito, kwa kuwa nyingine katika programu hizi hutoza ada ambayo mzazi maskini haiwezi, na hapo mlango uliofunguliwa kwa jinsia hufungwa kwa mfuko.

Afrika nayo haikukaa kando. Ghana ilianza mwaka 1987 kuwakusanya wasichana wa sekondari likizoni, wakutane na wanasayansi wanawake. Na mwaka 1992 likaundwa shirika la FAWE, lenye makao yake Nairobi, ambalo limeifanya elimu ya wasichana, sayansi ikiwamo, kuwa shughuli yake katika nchi nyingi za bara hili.

Kwa mujibu wa historia hii, nasadiki kwamba wiki nne za kambi, hata zikipambwa namna gani, haziwezi kushindana na miezi ya shule ambayo msichana hufundishwa kwa ubao mtupu. Penikese ilizaa matunda kwa kuwa waliokaa chini ya viota vya mbayuwayu walikuwa walimu, na kila mmoja wao alikuwa na darasa lililomngoja. Basi anayekusudia kuwaandalia mabinti zetu kambi ya sayansi, awaalike na walimu wao wa fizikia, kemia na hisabati, wakae benchi moja nao, washike vyombo vile vile. Ndipo shule itakapofunguliwa, atakuwapo darasani mtu wa kuiendeleza kazi iliyoanzwa.